Apdeti za misheni zianzie kwenye kitochi

Shalom wapendwa. Msimu wa misheni ukifika, iwe ni fellowship ya chuo inaenda vijiji vya Kigoma au kwaya inavuka kwenda Ukerewe, kitu cha kwanza kufunguliwa ni grupu la WhatsApp, wanaingizwa wote waliochangia, na basi halijatoka stendi tayari kuna amina kibao, stika, na mtu keshapachika tangazo la viwanja. Taarifa yenyewe ya safari ukiitafuta humo huioni.

Mi nasema apdeti ya kwanza iwe SMS ya kawaida kabisa. Angalieni daftari la michango pale kanisani, wamama wa maombi ya Jumatano, mzee anayeweka elfu mbili kila wiki mpaka safari ifike, wengi wao wanatumia kitochi, ile simu ndogo ya batani. Hawa ndo wanaoamka saa tisa usiku kuwaombea alafu ndo wa mwisho kujua kama mmefika salama, mpaka mtu aje awasimulie Jumapili nje ya kanisa. Hapana jamani, haijakaa sawa.

SMS moja ina herufi 160 na inapenya hata pale picha inapozunguka tu kutwa nzima bila kwenda. Andika mko kijiji gani, leo kimefanyika nini, na jambo moja la kuombea. Basi. Na emoji acheni, ile mikono ya maombi moja tu inashusha nafasi kutoka herufi 160 mpaka 70, meseji inakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa, hela ambayo ingenunua mafuta ya jenereta la mkutano. Anayesambaza pia asiwe aliyeko kijijini, mchagueni mtu anayebaki mjini kwenye mtandao mzuri, kiongozi wa safari anamtumia yeye mmoja tu jioni, yeye ndo anawafikishia wengine.

Wenye simu janja nao wasisahaulike ila grupu la wazi mi silitaki. Namba za watu wote zinaonekana, na mnawajua wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akiingia mmoja akajifanya ndo mhasibu wa misheni, michango inapotea na watu wanaanza kuwashuku vijana wetu bure. Orodha ya brodikasti ya WhatsApp, yaani unaandika mara moja na kila mtu anaipata peke yake, ni salama zaidi, inabeba watu 256 na hawaonani, ila meseji inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, so siku mnapokea mchango mwambieni mtu asevu namba palepale. Chaneli nayo ni nzuri, wafuasi hawaonani namba, ila mwenye linki yoyote anaweza kusoma. Stetasi inafutika baada ya saa 24, hiyo iwe nyongeza tu.

Sasa picha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto wa watu kavaa shati limechanika, mnampiga picha mnatupia mtandaoni kuonyesha uhitaji ulivyo mkubwa, mama yake hata hajaulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023, lakini hata isingekuwepo, huyo ni mtoto wa mwenyeji wenu aliyewapikia ugali na kuwapisha chumba chake cha kulala. Mchungaji mwenyeji awekwe kwenye orodha ileile ya wanaopokea apdeti. Mkijua naye anasoma, hamtaandika "kijiji cha giza" wakati yeye ana kanisa pale miaka yote na ndo aliyewaalika.

Basi likirudi msifunge. Tumeni mchanganuo wa hela, nauli kiasi gani, chakula kiasi gani, kilichobaki kiko wapi, na uende kwa wale wa kitochi pia maana elfu mbili yao imo humo. Alafu ikipita miezi mitatu hivi mchungaji mwenyeji aandike mwenyewe, waliookoka kama bado wanakuja ibadani, darasa la ubatizo kama limeanza, na akisema wengine wameacha kuja isambazwe hivyohivyo bila kupakwa rangi, wamama wa Jumatano wajue wanaombea nini.