Ramani za Mawimbi ya Ubongo: Nani Kachagua Dirisha?

Kuna ubishi baina ya makundi mawili, na yote mawili nayaheshimu. La kwanza ni la wahudumu wa afya waliozoea kusoma EEG kwa jicho, yaani ile mistari ya kupanda na kushuka inayorekodi umeme wa ubongo kupitia elektrodi zilizobandikwa kichwani. La pili ni la vijana wa hesabu na kompyuta, ambao wakipewa rekodi hiyo hiyo huipitisha kwenye wevuleti, njia ya kihesabu ya kupima mawimbi, na kutoa ramani ya rangi: muda unakwenda kulia, masafa (idadi ya midundo kwa sekunde) yanapanda juu, na wekundu unaonyesha pale wimbi lilipokuwa na nguvu. Wa kwanza wanasema ramani hizo zinapendeza kuliko zinavyosaidia. Wa pili wanasema kupekua kurasa moja moja ni kazi iliyopitwa na wakati. Kwetu Zanzibar wasomaji wa EEG ni wachache, na mzazi wa Micheweni, kule Pemba, hufikiria nauli ya boti kabla hajakifikiria kipimo. Kwa hiyo jibu la ubishi huu litagusa watu.

Mchukue mtoto wa miaka saba anayesoma Kurani chuoni. Katikati ya aya anakatika. Macho yanakodoa, kope zinapepesa, ustadhi akimwita haitiki. Baada ya sekunde kumi hivi anaendelea kama hapajatokea kitu. Ustadhi anadhani mtoto hana makini. Nyumbani huenda wakafikiria shetani. Hiki ni kifafa, tena cha aina inayojulikana vyema. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuchapisha matokeo mwaka 1929. Mwaka 1935 Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox wakaonyesha huko Marekani kwamba watoto wa namna hii, shambulio linapowapata, hutoa alama moja maalumu: mwiba mkali unaofuatwa na wimbi pana, mara tatu kwa kila sekunde. Fundi wa EEG akimwambia mtoto apumue kwa nguvu kwa dakika tatu, mara nyingi shambulio huja pale pale kitandani.

Kwa mtoto huyo jicho linatosha kabisa. Msomaji aliyefunzwa akiuona ule mwiba na wimbi hahitaji ramani. Shida huanza rekodi inapokuwa ndefu. Ukurasa wa EEG kwa kawaida hubeba sekunde 10, hivyo rekodi ya dakika 20 ni kurasa 120, na ya usiku wa saa 8 ni kurasa 2,880. Shambulio moja la sekunde 10 ndani ya dakika 20 halifiki asilimia 1 ya muda wote.

Ukitumia kigeuzo cha kawaida cha Fourier, kinachotokana na kazi ya Joseph Fourier kuhusu joto iliyochapishwa mwaka 1822, utapata orodha ya masafa yaliyomo kwenye rekodi nzima na nguvu ya kila moja. Hutaambiwa lini. Nguvu ya hezi 3, yaani midundo mitatu kwa sekunde, inaweza kutoka kwenye shambulio moja refu, au mashambulio mengi mafupi, au usingizi tu uliomchukua mtoto, kwa kuwa mawimbi ya taratibu huongezeka mtu anaposinzia. Hapo ndipo wevuleti zinapodai nafasi yao, na zinadai kwa haki. Zilipata umbo lake la sasa kwa Jean Morlet, mhandisi Mfaransa aliyekuwa akichunguza mwangwi wa mitetemo ardhini ili kutafuta mafuta, pamoja na mwanafizikia Alex Grossmann, katika makala yao ya mwaka 1984. (Kazi ya namna hiyo hiyo ya kupima mitetemo imefanywa pia kwenye bahari yetu, kati ya Unguja na Pemba.) Wevuleti ni wimbi fupi linalochipuka, likakua, likafifia. Unalisogeza juu ya rekodi kutoka mwanzo hadi mwisho, ukilinyoosha kutafuta masafa ya chini na kulibana kutafuta ya juu, na kila mahali unapima linafanana kiasi gani na kilichopo hapo. Matokeo yake ni kujua masafa gani yalikuwepo, na lini.

Lakini kuna bei, na bei hii haikwepeki kwa mashine ya gharama yoyote. Njia rahisi ya kuielewa hapa kwetu ni bahari. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba siku za bamvua yanakwenda mbali sana, ilhali siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Wao wanaona wimbi moja linalokua na kupungua. Mtaalamu mwenye rekodi ya mwaka mzima ya kipimo cha maji bandarini ataona kitu kingine: mawimbi mawili yasiyobadilika kamwe, moja la mwezi lenye mzunguko wa saa 12 na dakika 25, jingine la jua lenye mzunguko wa saa 12 kamili. Yakienda sambamba ni bamvua, yakipingana ni maji mafu. Nani mkweli? Wote wawili, kwa maji yale yale. Mwenye dirisha la siku mbili, yaani anayetazama kipande cha siku mbili tu cha rekodi, hawezi kuyatenganisha mawimbi mawili hayo, hata awe na kipimo kikali namna gani; inamchukua karibu siku 15. Na mwenye dirisha la mwaka, kwenye orodha yake ya masafa, hana pa kuandika kwamba Jumanne iliyopita maji yalikuwa makubwa.

Dennis Gabor aliiandika kanuni hii kwa ishara za mawasiliano mwaka 1946: ukitaka kujua wakati kwa ukali, unapoteza ukali wa masafa, na kinyume chake. Ubongo nao umo ndani ya kanuni hiyo. Mawimbi ya alfa, yale ya hezi 8 hadi 13 yanayotawala nyuma ya kichwa mtu akifumba macho, huvimba na kunywea. Je, ni mdundo mmoja unaobadilika nguvu, au midundo miwili iliyo jirani? Dirisha refu litakupa jibu moja, dirisha fupi jingine, na aliyechagua dirisha ndiye aliyechagua jibu.

Kwa wevuleti ya Morlet, dirisha hilo ni idadi ya mizunguko. Watafiti wengi huweka 7 au karibu na hapo. Mizunguko 7 ya hezi 40 inachukua milisekunde 175 tu. Ya hezi 10 inachukua sekunde 0.7. Ya hezi 3, masafa yale ya mtoto wetu wa chuoni, inapita sekunde 2.3. Na kwa kuwa wevuleti hutazama pande zote mbili za kituo chake, rangi humwagika kulia na kushoto. Ramani itaonyesha shambulio limeanza kabla halijaanza. Daktari anayelinganisha video ya mtoto akikatika na ramani hiyo anaweza kuamini kwamba ubongo ulitangulia kwa zaidi ya nusu sekunde, kumbe ni umbo la kipimo chenyewe.

Kwa sababu hii sioni faida kubwa katika mabishano ya kigeuzo kipi ni bora. Mwaka 2004 Andreas Bruns alilinganisha njia tatu zinazotumika sana, Fourier ya madirisha mafupi, kigeuzo cha Hilbert baada ya kuchuja masafa, na wevuleti, akaonyesha kwamba kihesabu zinalingana, na madirisha yakiwekwa sawa matokeo yanakuwa yale yale. Kijana akijigamba kwamba ametumia wevuleti, cha kumuuliza ni mizunguko mingapi, na kwa nini hiyo.

Upande wa wasomaji wa jicho wana hoja nyingine ambayo vijana wetu huipuuza, nami naiona nzito kuliko zote. Ramani ya nguvu hulipoteza umbo la wimbi. Ule mwiba na wimbi wa hezi 3, ukipita kwenye wevuleti, hautoi mstari mmoja. Hutoa wekundu kwenye 3, kisha 6, kisha 9, kwa sababu wimbi lolote lenye kona kali linajengwa na vigawe vya mdundo wake. Asiyejua atasema ameona midundo mitatu ya ubongo. Mwiba peke yake ni mbaya zaidi. Mwaka 2010 Christian Bénar na wenzake walionya kwamba mwiba mkali ukichujwa kutafuta masafa ya juu hutoa mitikisiko ya kasi ambayo haikuwepo kabisa kichwani. Mwaka 2008 Shlomit Yuval-Greenberg na wenzake nchini Israel walionyesha kwamba mlipuko wa gama, yaani mawimbi ya kasi, kwenye EEG ya juu ya ngozi, uliokuwa ukihusishwa na ubongo kutambua picha, ulitokana na mijongeo midogo sana ya macho. Ramani ilikuwa safi na hesabu ilikuwa sahihi. Chanzo tu ndicho kilikuwa misuli ya jicho.

Sasa leta hayo chumbani. Mama amempakata mwanawe na anampigapiga mgongoni ili atulie, mara mbili au tatu kwa sekunde. Elektrodi za kisogoni zinatikisika kwa mdundo huo huo. Kwenye ramani panatokea bonge jekundu katika hezi 2 hadi 3, likidumu sekunde ishirini, likiwa na vigawe vyake juu. Linafanana na kifafa kwa kila rangi. Kwenye mistari yenyewe, msomaji mzoefu hugundua mara moja kwamba hakuna mwiba, na fundi makini atakuwa ameandika pembeni, “mama anampigapiga”. Ongeza jasho la miezi ya kaskazi, linalozalisha mawimbi ya taratibu mno chini ya hezi 1. Ongeza mafuta ya nazi kwenye nywele, yanayozuia elektrodi kushika ngozi vizuri, ndiyo maana mgonjwa huambiwa aoshe kichwa na asipake kitu. Ongeza feni na waya wa umeme wa hezi 50 juu ya kitanda. Hakuna wevuleti inayotibu elektrodi iliyolegea. Inaipaka rangi tu.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema kwamba kwetu teknolojia hii ni anasa ya kusubiri. Gharama si kikwazo: programu kama EEGLAB na MNE-Python ni za bure, na kompyuta mpakato ya kawaida inazimudu. Na kuna wagonjwa ambao jicho peke yake linawashindwa. Kichanga aliyechelewa kupata hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na mashambulio yasiyoonekana mwilini kabisa, hapigi mateke wala hakakamai, na rekodi yake inahitajika kwa saa nyingi. Hakuna atakayekaa usiku kucha akipekua kurasa karibu 3,000. Ramani inayobana saa 8 kwenye kioo kimoja inamwonyesha muuguzi mahali pa kuangalia, na hapo anafungua mistari yenyewe. Kwenye kazi hiyo ya kuelekeza, hata dirisha pana halina madhara, kwa kuwa hakuna anayetafuta milisekunde.

Vivyo hivyo kwenye utafiti. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anayetaka kujua mdundo wa alfa hupungua lini mtu anapoanza kusikiliza, hawezi kuona hilo kwa jicho kwenye rekodi moja. Anahitaji kurudia jaribio mara nyingi na kuwastanisha ramani. Hapo jicho halina la kusema. Lakini hapo pia atalazimika kuchagua kipindi cha kulinganishia, ile sehemu ya kabla ya tukio inayohesabiwa kuwa kawaida, na kwa kuwa nguvu ya umeme wa ubongo hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kila ramani ya gama inategemea sana uchaguzi huo. Akiusogeza karibu mno na tukio, umwagikaji niliousema utaingia ndani ya kipimo cha kawaida na kuharibu kila kinachofuata.

Hofu yangu kubwa iko kwenye kutumiana. Rekodi zinaweza kuchukuliwa Pemba na kusomwa na mtaalamu aliye mbali, na hilo ni jambo jema sana kwa mgonjwa. Ila picha ya ramani ni nyepesi kutuma kwa simu, faili la rekodi ni zito, na intaneti ikisuasua kishawishi kinajulikana. Msomaji aliye mbali akipokea picha tu, amepokea maamuzi ya mtu mwingine bila kuyaona: mizunguko, kipindi cha kulinganishia, kipimo cha rangi, elektrodi zilizoachwa. Umbo la wimbi halimo, wala maandishi ya fundi kuhusu yule mama. Tangu mwaka 1992 upo mfumo wa wazi wa kuhifadhi faili hizi, EDF, unaosomwa na karibu kila programu ya EEG. Rekodi ya dakika 20 ikihifadhiwa humo inakuwa na ukubwa wa megabaiti chache hadi makumi kadhaa, mzigo unaobebeka hata kwa mtandao wa kawaida ukipewa muda.

Kwa hiyo kama kliniki inataka kuanza kutumia ramani, na naomba zianze, sharti langu ni kwamba hakuna ramani itakayowekwa kwenye jalada la mgonjwa bila faili lake, bila sekunde zile zile za mistari ghafi chini yake, na bila idadi ya mizunguko kuandikwa pembeni. Faili likiwepo, mtu wa pili anaweza kuipima upya kwa mizunguko 3 badala ya 7 na kuangalia kama shambulio bado linaanzia pale pale.