Paka wa nyumba haingwa, hata akizeeka

Paka wetu Dagaa alikuwa na miaka 16 alipoacha kujilamba. Asiyekaa na paka ataona ni jambo dogo. Manyoya ya mgongoni yalishikana kama katani iliyolowa, naye akawa anashinda pembeni ya ndoo ya maji, kichwa kimeinama. Anakunywa, anakwenda kukojoa, anarudi kunywa. Mimi nikasema ni joto la Tanga.

Zilikuwa figo. Daktari wa mifugo niliyempata kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai, lakini alimshika Dagaa taratibu kama anayeshika yai. Alimpima uzito: kilo 2.4. Miaka miwili nyuma alikuwa na kilo 4.1. Damu ilipopimwa, kreatinini, uchafu ambao figo hutakiwa kuuchuja, ilikuwa 5.6, na hatua ya mwisho ya ugonjwa huo huhesabiwa kuanzia juu ya 5. Alinieleza kwamba figo za paka huvumilia mno. Mpaka damu ianze kuonyesha kasoro, karibu robo tatu ya uwezo wake umeshapotea. "Dada," akaniambia, "huyu hatumponyi. Tutamtunza, halafu ipo siku utanipigia simu."

Hiyo simu ndiyo iliyonifanya niandike.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Kaka yangu alisema mpeleke sokoni kwenye samaki, huko atajitafutia. Shangazi akasema mwache hapohapo, Mungu atamchukua mwenyewe. Wote wawili wanampenda Dagaa. Aliletwa na marehemu mama akiwa kitoto cha kukaa kiganjani, na mama alipofariki akalala juu ya kanga yake mwezi mzima. Kwa hiyo sisemi kwamba walikuwa na roho mbaya. Nasema walikosea, na wanakosea pamoja na watu wengi wa pwani.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Tunalisema sana, halafu paka akizeeka tunamtia kwenye kiroba na kumpeleka sokoni usiku. Jamani, paka wa miaka 16 asiye na meno atapambana vipi na madume ya sokoni? Atakufa kwa njaa chini ya meza ya mtu, na sisi tutakuwa tumejinunulia usingizi kwa kutoona.

Na hilo la kumwachia Mungu, nalo nimelitafakari sana kwa sababu mimi ni mtu wa imani. Kufa kwa figo si kulala na kutoamka. Uchafu unabaki kwenye damu, kichefuchefu hakiishi, mdomoni vinatoka vidonda, pumzi inanuka mkojo, na wengine hupata degedege kabla ya mwisho. Yote haya paka atayapitia kimya, maana paka huficha maumivu. Ukimwona ametulia usidhani amepumzika. Tazama uso: masikio yameanguka kando, macho yamebanwa nusu, sharubu zimekakamaa, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Huyo anaumwa.

Jirani mmoja, kwa huruma kabisa, aliniletea nusu kidonge cha paracetamol nimsagie kwenye mchuzi. Namshukuru Mungu nilimpigia daktari kwanza. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Inaharibu chembe nyekundu za damu, ufizi unageuka rangi, na kidonge kimoja kinatosha kuua. Tafadhali, mwenye paka yeyote anayesoma hapa, usimpe dawa ya binadamu bila kuuliza.

Kwa wiki saba tulimtunza. Daktari alinifundisha kumwekea maji ya dripu chini ya ngozi. Nilikuwa naweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu ili isimshtue kwa baridi, kisha naitundika kwenye msumari wa chandarua, navuta ngozi kati ya mabega na kuingiza sindano. Mililita 100. Nundu ya maji ilivimba begani, na baada ya saa moja ilikuwa imeshuka hadi mguuni, halafu ikaisha. Wiki za mwanzo alikuwa akimaliza tu anakwenda dirishani kungoja alasiri, saa ya wavuvi kupita na baiskeli. Wiki zile zilikuwa njema. Sijutii hata moja.

Kuna daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetunga mizani ya kupima hali ya mnyama aliye mwishoni. Unatazama mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo unalipatia alama 0 hadi 10. Jumla ikipita 35, bado kuna maisha ya kuendelea kutunzwa. Nilianza kuijaza kila Jumapili kwenye daftari.

Wiki ya sita nilipata 38. Nililiona daftari lile juzi na nikalia, kwa sababu nilidanganya. Kwenye kula nilimpa 6, na siku ile alichofanya ni kulamba kichwa cha samaki changu mara mbili na kugeuza uso. Kwenye usafi nilimpa 5, nami ndiye niliyekuwa namfuta haja kwa kitambaa. Nilikuwa naitafuta 35 kwa nguvu. Paka yule ndiye kiumbe wa mwisho aliyeguswa na mkono wa mama katika nyumba yetu, na mimi nilikuwa namshikilia mama.

Kwa hiyo nilichelewa. Siku saba. Usiku wa mwisho alijaribu kupanda kitandani, makucha yakanasa kwenye chandarua, hakuwa na nguvu ya kujinasua wala ya kulia. Nilimkuta ananing'inia hivyo, ananitazama. Nikampigia daktari alfajiri.

Madaktari wengi wa wanyama hushauri kwamba ni afadhali kuwahi wiki moja kuliko kuchelewa siku moja. Zamani ningesema huo ni ukatili. Sasa naamini ni kweli, na naamini pia kwamba anayechelewa mara nyingi hachelewi kwa ajili ya mnyama.

Kabla ya siku ile nilikuwa nimemuuliza sheikh wa mtaani kwetu. Alinikumbusha hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila kitu, hata katika kuua. Akasema kama tiba hakuna na mateso ni dhahiri, yeye haoni dhambi. Wapo wenye rai nyingine, nami nawaheshimu. Ila yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa kumfungia bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Kumtazama paka akinyauka kwenye kona siku kumi huku tukisema tunangoja kudra, sioni liko mbali kiasi gani na hilo.

Watu wananiuliza, kwa hiyo ulimuua? Ndiyo. Sitaki kulifichaficha neno. Daktari alikuja nyumbani. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi, msulini, na Dagaa akalegea juu ya kanga ya mama. Ya pili ilikwenda kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Haikuchukua dakika mbili. Macho yalibaki wazi; nilikuwa nimeambiwa yatabaki, na kuambiwa kulinisaidia. Mkono wangu ulikuwa chini ya kidevu chake tangu mwanzo. Kama una paka na siku yako ikafika, usitoke nje ya chumba. Anajua harufu yako, hajui ya daktari.

Kaka alichimba. Daktari alituonya shimo liwe refu, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na mbwa au kunguru akifukua naye atakufa. Kaka akachimba mpaka kiunoni, chini ya mkomamanga, hakusema kitu, na alipomaliza alikaa palepale ukingoni hadi adhana ya adhuhuri.

Tumebaki na Chotara, dume la miaka 11. Kila Ijumaa namtia kwenye kikapu nampeleka kwa Mangi mwenye duka, tunampima kwenye mzani wa maharage, natoa uzito wa kikapu, naandika kwenye daftari lilelile. Wiki iliyopita alikuwa na kilo 4.6. Wiki hii 4.5. Jumatatu tunakwenda kupima damu.