Nani Aliyeufunga Mtambo wa Metaxas?

Habari za uchapaji katika dola ya Osmani husimuliwa kana kwamba Sultani aliogopa vitabu, basi. Kisa cha Nikodemos Metaxas kinanizuia kukubali upesi hivyo.

Mtawa huyu Mgiriki alitua Istanbul mwaka 1627 akitokea London, na mtambo na herufi za Kigiriki. Patriaki Cyril Lucaris, mkuu wa Waorthodoksi mjini humo, alimpokea kwa mikono miwili, maana Waorthodoksi walitegemea vitabu vilivyochapwa Venice, mji wa Wakatoliki. Januari 1628 Majanisari, askari wa Sultani, walivamia, wakazoa herufi, karatasi na vitabu. Waliowachongea Metaxas na Lucaris ni Wakristo wenzao: Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, na balozi wa Ufaransa, waliodai kitabu cha Lucaris kinautukana Uislamu. Mufti alipoulizwa, alijibu kwamba Wakristo wameruhusiwa dini yao, na kuieleza si kosa. Waliofukuzwa mjini ni Wajesuiti.

Wanaoitetea dola wataongeza kwamba Wayahudi walichapa humo tangu 1493 na Waarmenia tangu 1567. Kweli. Lakini siwezi kuiosha. Jibu la mufti halikuurudisha mtambo kazini, na ruhusa iliyo fadhila ya wakubwa huvunjwa na yeyote anayelifikia sikio la waziri. Wajesuiti waliujua udhaifu huo wakautumia.

Huko Shamu (Siria) naona uchungu zaidi. Mwaka 1706 Athanasius Dabbas alianza kuchapa vitabu vya ibada kwa Kiarabu mjini Aleppo, vikawafaa mapadri wasiojua Kigiriki. Mwaka 1724 kanisa la Antiokia likapasuka, wengine wakaifuata Roma. Abdallah Zakher, sonara wa Aleppo aliyekuwa upande wa Roma, alikimbilia milima ya Lebanoni, akachonga herufi kwa mikono yake katika monasteri ya Shuwayr. Kitabu cha kwanza kilitoka 1734. Patriaki Sylvester wa Waorthodoksi naye akachapisha vyake, kwa Kiarabu hichohicho, huko Iași na Bucharest, katika Romania ya leo.

Je, uchapaji ndio uliowagawa? Sidhani; wamisionari na ugomvi wa maaskofu vilitangulia. Ila ulizidisha ugumu wa kupatana, kwa sababu hoja za kumkana jirani sasa zilikaa rafuni, tayari kusomewa watoto. Serikali ilimtambua Sylvester. Wamelkiti Wakatoliki, yaani wale walioifuata Roma, walingoja hadi 1848 kuwa jumuiya kamili kisheria, na kwa miaka yote hiyo naamini vitabu vya Shuwayr viliwaambia wao ni nani kabla hati yoyote ya Sultani haijasema.