Wagonjwa wa tezi ya shingo nasi tukutane
Makala yenu kuhusu British Thyroid Foundation, shirika la hisani lililoanzishwa na mgonjwa wa thairoidi, yaani tezi ya shingo, nchini Uingereza mwaka 1991, imenigusa sana, kwa kuwa mama yangu hapa Mbale aliishi na rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, miaka mingi huku majirani wakidhani amerogwa. Hata alipopimwa, homoni ya tezi hiyo ikaonekana imepungua na akaandikiwa levothairoksini, kidonge cha kuijazia homoni hiyo, hakuna aliyemweleza kwamba kidonge hicho humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, wala kwamba kipimo cha damu hurudiwa ili dozi irekebishwe. Akawa anakimeza na chai ya maziwa. Mgonjwa mwenzake angemwambia hayo siku ya kwanza. Nawaomba wenye maradhi haya Uganda, hasa sisi wa milimani, tuanze kukutana.