Mpagazi wa Kizaramo

Sharti la Mwalimu, mzee anayetembeza watu kwenye njia za vita huko Tabora, lilikuwa moja: kwenye msafara wake hakuna anayetembea mikono mitupu. Vita Kuu ya Kwanza, alituambia, huku kwetu ilibebwa kichwani. Risasi, unga, mpaka kitanda cha ofisa, vyote vilipita juu ya utosi wa mpagazi. Basi tulipotoka Tabora mjini kushika njia ya Lulanguru, kila mtu akapewa mzigo. Jamaa mmoja wa benki akapata furushi la mihogo. Mimi ni Mzaramo na Mwalimu ni Mnyamwezi, kwa hiyo nikatwishwa dumu la lita 10 la asali alilonunua njiani kwa mrina asali, limezibwa kwa gunzi la muhindi.

"Babu zangu walibeba pembe toka hapa hadi Bagamoyo," akasema, "wakipita kwenu mnawadai hongo. Leo unalipa, mtani."

Watu wakacheka. Nikajitwisha, ningefanyaje?

Kwa uzoefu, sina la kumkosoa. Yeye anatangulia, kijana wake anafunga mkia na filimbi shingoni, na wote wawili wanajua hadi mninga upi una kivuli saa sita mchana. Tatizo la Mwalimu ni kwamba hasimulii tu, anaigiza. Alipoeleza jinsi kikosi cha Wabelgiji cha Kanali Olsen kilivyokuja kutoka Kigoma kwa kufuata reli, Septemba 1916, na Wajerumani wakakisubiri porini huku, ghafla akapiga kelele: "Laleni chini!" Tukalala. Akafurahi sana. Toka hapo tulikuwa tunalazwa kila baada ya vichaka viwili vitatu, watu wazima na ajira zao, kifudifudi kwenye vumbi, na mwenye simu anarekodi.

Sasa mtu ukilala na kuamka na dumu, gunzi nalo linachoka. Nilianza kuhisi kitu kinatambaa polepole nyuma ya sikio, cha uvuguvugu, kikafika kwenye kola, kikaamua kushuka mgongoni. Nikamwambia Mwalimu asali inavuja. Akasema wapagazi walikuwa hawalalamiki.

Tukapumzika chini ya mti ambao mzinga ulikuwa umening'inizwa juu yake. Mwalimu akapanda kichuguu na kuanza habari za Tanga, Novemba 1914: jeshi la Mwingereza lililoletwa kwa meli kutoka India, milio ya bunduki ikawachokoza nyuki, nyuki wakatoka na kuingia vitani. "Wakaja kama wingu!" akasema, mikono juu. Nami nikasikia vuuuu sikioni.

Nyuki wa kwanza walikuwa wastaarabu, wanalamba kola yangu na kuondoka. Aliyeharibu ni yule wa benki. Kwa wema wake akanipiga kofi la shingo, akamponda mmoja. Nyuki akipondwa hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na wenzake walikuwa hapo hapo juu, nyumba ya pili.

"Kimbieni!" Mwalimu akapaza sauti.

Watu wakapiga makofi. Dada mmoja akasogea mbele apate picha nzuri. "Kimbieni, nyuki!" Makofi yakazidi, maana hajawahi kuigiza vizuri namna ile. Walikuja kuamini pale walipomwona mzee wa miaka sitini na kitu anaruka kichuguu, kanzu kaipandisha magotini, anapotea kuelekea relini. Usiku Wajerumani walipoihama Tabora mwaka ule wa 1916, waliondoka kwa mpangilio. Sisi hapana. Kijana alipuliza filimbi ya kutukusanya huku naye akikimbia, kwa hiyo kila tulipoifuata sauti tuliikuta imeshahama.

Zahanati nilifika midomo imevimba, jicho moja limefunga. Nesi akaanza kunikwangua miiba kwa ukucha, anauliza kama nilikuwa narina. Mwalimu akaingia, hana hata kipele.

"Shikamoo," nilijitahidi kusema, ikatoka kitu kingine.

"Marahaba. Dumu liko wapi?"

Nikaonesha porini kwa kidole.

"Mpagazi anatupa mzigo!" akamwambia nesi. "Ndiyo maana hawa tuliwaacha pwani."

Nilikuwa na majibu mazuri matatu ya utani. Mdomo haukufunguka. Naye aliliona hilo, akavuta kiti akakaa, akaanza upya tangu enzi za pembe.