Kiwanda Kilivunjwa, Mikono Ikahifadhiwa

Neno lililonikera lilisemwa barazani baada ya Isha, kahawa ikipita. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu picha alizonitumia binti wa mama mdogo, ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee huko Carlisle, England. Siku yake ya mapumziko alivuka mpaka akaingia Scotland, akatembelea jumba la makumbusho la Eastriggs linalosimulia habari za kiwanda cha Gretna, kilichotengeneza baruti ya mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wetu akaipokea simu, akatazama, akauliza kiwanda chenyewe kiko wapi. Nikamwambia kilivunjwa zamani, karibu miaka mia. Akanirudishia simu. "Sasa hapo wanahifadhi nini? Hewa?"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba kiwanda cha kuulia watu hakistahili makumbusho, na kwamba hata hivyo vita vya Wazungu havituhusu sisi watu wa Malindi.

Nayapinga yote matatu. La kwanza ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu ndilo tunaloishi nalo hapa pwani: pasipo ukuta, tunahesabu kwamba hapana historia.

Tuanze na hiyo Gretna. Mwezi Mei 1915 jeshi la Uingereza lilishambulia Aubers Ridge, Ufaransa, likashindwa vibaya, na magazeti ya London yakatangaza kwamba mizinga ilikosa makombora ya kutosha. Serikali ikatikisika. Ikaundwa wizara mpya ya kushughulikia silaha na risasi, David Lloyd George akapewa kuiongoza, na wizara hiyo ndiyo iliyojenga Gretna. Kiwanda kilitandazwa kwenye kipande cha ardhi chenye urefu wa takriban kilomita 14, kutoka Dornock upande wa Scotland hadi karibu na Longtown upande wa England. Kilikuwa na reli yake, umeme wake, maji yake, na miji miwili mipya ya kulaza wafanyakazi, Gretna na Eastriggs. Wajenzi walipojaa na ulevi ukazidi, mwaka 1916 serikali ilizitwaa baa za Carlisle na vitongoji vyake ikaziendesha yenyewe, na haikuziachia hadi miaka ya 1970.

Lakini mimi kilichonishika ni kazi yenyewe. Pamba ilichovywa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki, ikageuka kilipuzi. Pembeni, glisirini nayo ilipitishwa katika asidi hizohizo ikawa nitroglisirini, kimiminika kinachoweza kulipuka kwa kutikiswa tu. Viwili hivi vilipaswa kuunganishwa, na viliunganishwa kwa mikono ya watu. Wasichana waliokuwa hawajafika hata miaka ishirini walisimama mbele ya mabeseni makubwa wakikanda rojo lile kama mama anavyokanda unga wa mahamri alfajiri. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, alikwenda kukiona kiwanda mwaka 1916, akaliita rojo hilo uji wa shetani, na jina hilo ndilo walilolipa jumba la makumbusho leo. Baada ya kukandwa lilitiwa etha na alkoholi likalainika, likasukumwa kwenye matundu likatoka nyuzi nyuzi, likakaushwa na kukatwa. Hiyo ndiyo kordaiti, inayoisukuma risasi itoke kwenye mtutu. Kiwanda kiliposhika kasi kilitoa tani 800 kwa wiki.

Viwanda vingine vya kordaiti vililainisha rojo kwa asetoni, na hiyo asetoni pia ina kisa chake. Mbinu ya zamani ya kuipata ilikuwa kuchoma kuni, na kuni hazikutosha. Mwanakemia Chaim Weizmann akaonyesha namna ya kuipata kwa kuchachusha mahindi kwa bakteria. Kwa hiyo katikati ya vita, chakula cha watu kiligeuzwa baruti, na mwaka 1917 mahindi yalipokuwa adimu, watoto wa shule Uingereza waliambiwa waokote mbegu za miti barabarani zitumike badala yake. Huyu Weizmann baadaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Israeli.

Wanawake waliofanya kazi Gretna walikaribia 12,000. Wengi walitoka kwenye utumishi wa nyumbani, mashambani na kwenye viwanda vya nguo. Getini walipekuliwa: kiberiti, pini ya nywele, kifungo cha chuma, vyote vilibaki nje, maana cheche moja ilitosha. Nitroglisirini iliwapa maumivu ya kichwa ya kuangusha mtu chini. Asidi ilikula meno. Na hao walikuwa na nafuu, kwa sababu wenzao waliojaza makombora kwa kilipuzi cha TNT katika viwanda vingine waligeuka rangi ya manjano, ngozi na nywele, na baadhi yao ini likafa wakafa nalo. Silvertown, London, Januari 1917, kiwanda kililipuka wakafa watu 73. Chilwell, Julai 1918, wakafa 134, wengi wao wasiweze hata kutambuliwa, wakazikwa pamoja.

Vita vilipokwisha, wanawake wa Gretna waliambiwa warudi makwao. Majengo yakavunjwa na mali ikauzwa kwa mnada. Hakuna kasri lililobaki, hakuna mnara. Na miaka ya 1990 wenyeji wa vijiji vile wakaanza na maonyesho madogo ndani ya kanisa: picha za bibi zao, vitu vya makabatini, masimulizi ya nyumbani. Kutoka hapo wamefika kwenye jumba kamili la makumbusho ambalo binti wa mama mdogo amelipia kiingilio kuliona. Wamehifadhi mikono iliyokanda. Ndugu yangu pale barazani anaiita hewa. Mimi naiita historia iliyohifadhiwa kwa njia iliyo sahihi kabisa, kwa sababu inamtaja mtu aliyefanya kazi, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Sasa angalia tunachohifadhi sisi. Nguzo ya Vasco da Gama tunayo, na kila mgeni anapelekwa. Kanisa dogo la Wareno tunalo. Gede, magofu ya wenye mali. Lamu, Ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, ikafanywa gereza mwaka 1910 hadi 1984, sasa makumbusho. Sisemi vibomolewe, na waliovitunza wamefanya kazi kubwa kwa pesa kidogo, hilo nalikubali. Lakini hesabu ni nani anayekumbukwa katika orodha hiyo: baharia mgeni, mfanyabiashara, mtawala. Aliyechimba matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyebeba mzigo, huyo hana kibao popote.

Na hapo ndipo jibu la "havituhusu" linapoingia. Mhandisi aliyesanifu Gretna, Kenneth Quinan, alikuwa Mmarekani aliyeitwa kutoka Somerset West, Afrika Kusini, ambako aliendesha kiwanda cha vilipuzi cha De Beers, kampuni ya migodi ya almasi. Ujuzi wake ulipevuka Afrika, kwenye baruti ya migodini, ambako anayeshuka shimoni alikuwa Mwafrika. Na risasi za bunduki za jeshi la Uingereza wakati ule zilisukumwa kwa kordaiti. Vita vilipofika kwetu, Agosti 1914 huko Taveta, kisha Novemba huko Tanga, na baadaye kusini zaidi kumfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, masanduku ya risasi yalihitaji kufika mbele, na ng'ombe na farasi walikuwa wakifa kwa ndorobo. Yalibebwa kichwani. Wapagazi wa Kariakor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi, waliochukuliwa mamia kwa maelfu, wengi kwa nguvu, ndio walioyabeba. Waliokufa upande wa Uingereza wanapita 40,000 kwa hesabu rasmi, na hesabu rasmi ilikuwa ya watu waliohesabiwa. Waliwaua malaria, kuhara, njaa na uchovu zaidi kuliko risasi. Kwenye sanamu ya askari pale Nairobi wameandikwa kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mombasa nako kuna sanamu. Majina ya wapagazi wenyewe hayamo.

Kwa hiyo msichana aliyekanda Gretna na mpagazi aliyebeba Taveta walikuwa kwenye kazi moja, kila mmoja mwisho wake. Mmoja ana jumba la makumbusho. Mwingine mjukuu wake yuko hapa hapa kwetu, huenda anasoma haya.

Kama bado mtu anasema havituhusu, basi amuulize Mgiriama yeyote. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliwaapisha watu wasitoe vijana wao kufanya kazi za serikali. Akakamatwa mwaka 1913, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka akarudi. Agosti 1914, mwezi uleule Uingereza ilipoingia vitani, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama msituni, kwa baruti, na uasi ulipozimwa Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Leo Kaya hiyo imo katika misitu ya Kaya za Mijikenda iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2008, na nafurahi kwa hilo. Lakini tunamwadhimisha Mekatilili kwa ngoma na hotuba, huku hadithi ya wale vijana waliotakiwa na vita tukiipita haraka haraka.

Kisha kuna yale ya mji wenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1940 ndege za Italia ziliidondoshea Malindi mabomu. Italia ilikuwa imeingia vitani mwezi Juni, Somalia ilikuwa koloni lake, na sisi tulikuwa karibu. Miezi michache baadaye majeshi yaliyotoka Kenya yalivuka kuingia Somalia, yakatwaa Kismayu na Mogadishu katika mwezi mmoja wa Februari 1941. Hayo ya majenerali yameandikwa. Lakini ya Malindi siku ile? Bi mmoja, jirani yetu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akihadithia jinsi mama yake alivyowasukuma watoto chini ya kitanda, mlango ukitetemeka, kisha wakaondoka na mikeka tu. Leo wajukuu zake wanabishana: mmoja anasema walikimbilia Ganda, mwingine anashika kwamba ni Mambrui. Hakuna wa kuwaamua. Mtoto wa miaka sita wa siku ile sasa amefika tisini, kama yuko hai. Wallahi hili linaniumiza. Ukuta unaweza kukaa miaka hamsini ukikungoja. Mtu hakungoji.

Kuhusu kuhifadhi kiwanda cha mauti, nakubali nusu. Zipo sehemu ambazo makumbusho ya vita huwa mahali pa kusifu bunduki, watoto wakapandishwa juu ya vifaru kupigwa picha, na hayo siyataki hapa. Lakini kumwonyesha mtoto msichana aliyeharibikiwa meno ili bunduki ilie ni somo jingine kabisa.

Wapo pia wanaosema sheria hairuhusu. Inaruhusu. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inavitaja vitu vya kale vinavyohamishika kuwa ni vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hapo kweli kipande cha bomu la 1940 kinaachwa nje, ndiyo maana kikiokotwa kinaweza kwenda kwenye mizani ya vyuma chakavu. Simlaumu anayeuza, ana watoto. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali au jengo la umri wowote kuwa mnara wa kumbukumbu, likiwa na maana kihistoria au hata kiteknolojia. Umri wowote. Kinachokosekana ni mtu wa kuomba.

Na tukiomba, tusiishie 1940. Majukwaa ya San Marco pale Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha roketi za kubeba setilaiti tangu 1967 hadi 1988, pamoja na setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970, yalihudumiwa na wapishi, manahodha, wapiga rangi na walinzi wa hapa hapa. Wengi wao bado wako hai, wanakaa Ngomeni na Malindi mjini. Wale tusiwasubiri hadi wafike tisini.

Simu kila mtu anayo. Mkae chini mzee wako asubuhi, kabla jua halijamchosha, umuulize kwa jina: baba yako alichukuliwa Kariakor? Aliondokea wapi, alirudi na nani, alilipwa nini? Ndege zilipokuja mlikuwa mtaa gani, mlikimbilia wapi, mlilala siku ngapi? Mwache aseme kwa lugha yake, Kigiriama, Kibajuni, Kiamu, asilazimishwe Kiswahili cha redioni. Mwanzoni mwa rekodi taja jina lake, tarehe, mtaa na aliyeuliza, na umwombe idhini. Nakala moja ibaki kwa familia, ya pili ipelekwe Makumbusho ya Malindi, na mtu atie sahihi kwamba ameipokea. Ikiwa kuna chuma cha zamani kimefukiwa shambani, msikifukue, waiteni polisi. Mimi naanza na wajukuu wa yule Bi, maana dada yake mdogo yuko Mambrui na akili zake bado ziko timamu.