Maji ya bomba letu yana miligramu ngapi za floraidi?

Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na meno yangu hutangaza hivyo kabla sijafungua mdomo kujitambulisha. Ni ya kahawia, yana mistari na vishimo. Nyumbani hakuna aliyenishangaa, maana darasa zima tulikuwa hivyo. Nilipofika Marekani, daktari wa meno wa kwanza kunitazama aliniuliza nimevuta sigara miaka mingapi. Sijawahi kuvuta hata moja. Nikamweleza habari za maji ya kwetu, na usoni pake niliona wazi kwamba haniamini.

Sasa naishi Utah, na hapa madini yaleyale yaliyonichafua meno yamekuwa siasa. Machi 2025 Gavana Spencer Cox alisaini sheria ya kupiga marufuku kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba, na Utah ikawa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Florida ikafuata. Kazini kwangu watu walibishana wiki nzima. Wapo wanaosema floraidi imelinda meno ya watoto tangu mji wa Grand Rapids ulipoanza kuitia mwaka 1945, na wapo wanaosema serikali haina haki ya kumnywesha mtu dawa bila ridhaa yake. Kaunti ya Salt Lake, hapa Utah, iliipigia kura mwaka 2000, ikaanza kuitia 2003. Na kiasi chenyewe kinachopendekezwa ni miligramu 0.7 kwa lita.

Niliposikia namba hiyo nilinyamaza. Kwetu Meru, upande wa Ngarenanyuki, kuna vyanzo vilivyopimwa vikakutwa na zaidi ya miligramu 15. Kwetu hakuna aliyeitia. Imo kwenye miamba ya volkano ya Meru, maji yanapita humo chini kwa chini na kutoka nayo, na sisi tunakinga ndoo.

Jambo ambalo wenzangu wengi hapa hawalijui ni kwamba sayansi yao yote ya floraidi ilianzia kwenye meno kama ya kwetu. Mwaka 1901 daktari kijana aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, na hakuna aliyejua sababu. Alihangaika na swali hilo miaka 30, mpaka 1931 ilipogundulika kwamba ni floraidi ya kwenye maji. Meno yale yalikuwa na madoa lakini hayakuoza kirahisi, ndipo likaja wazo la kutia kidogo kwenye maji yasiyo nayo. Kidogo hulinda jino. Ikizidi huliharibu likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi karibu miaka minane, na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Kwetu tumewaona wazee wasioweza kunyoosha mgongo, na watoto wenye miguu iliyopinda. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni mambo ya ukoo.

Agosti 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilitoa ripoti kwamba floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusishwa na watoto kupungukiwa uwezo wa akili. Wapinzani wa floraidi wanaishika ripoti hiyo kama ngao. Lakini maji mengi ya bomba ya hapa hayafiki 1.5. Ya kwetu ndiyo yanayofika na kupita, na sijasikia mtu akiisoma kwenye mkutano wowote wa kijiji wilayani kwetu Arumeru.

Kwa sheria hatujaachwa nyuma. Zamani Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, ikashusha hadi 4, na leo kiwango ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Marekani ukomo wa kisheria bado ni 4. Kwenye karatasi sisi ni wakali kuliko wao. Tofauti ni kwamba hapa sheria inamlazimisha msambazaji wa maji kuwapa wateja wake, kila mwaka, ripoti ya vipimo. Naisoma mezani kwangu, floraidi imeandikwa namba yake. Si kwamba hawakosei. Februari 2019 katika mji wa Sandy, jirani hapa, pampu iliharibika ikamwaga floraidi kupita kiasi kwenye maji, na wakazi walilalamika kwamba walichelewa kuambiwa. Lakini walilalamika wakiwa na namba mkononi.

Nilipokuja nyumbani Desemba nilimkuta mdogo wangu anamchotea mwanawe wa miaka minne maji ya bomba la mtaani. Nilipomtajia floraidi, alinijibu:

"Kaka, mbona tunachemsha?"

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale, kali zaidi. Hata magadi tunayotia kwenye maharage yanaongeza. Hakuna aliyewahi kumwambia, na ana cheti cha kidato cha nne.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu dawa ipo, tena karibu. Kituo cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kimefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba mifupa ya ng'ombe iliyochomwa vizuri hunasa floraidi. Pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Jiji la Arusha limejengewa mradi wa maji wa takriban Sh520 bilioni. Nashukuru. Ila mtoto wa Maji ya Chai hawezi kusubiri bomba jipya, meno yake yanajengeka sasa hivi.

Kwa hiyo siombi mabilioni. Naomba RUWASA, wakala wa maji vijijini, na jumuiya za watumia maji wabandike kipimo kwenye kila kituo cha kuchotea, kwa maandishi makubwa, na tarehe kilipochukuliwa. Mama akiona 0.9 achote. Akiona 6, amtafutie mtoto maji mengine ya kunywa na ya uji, hayo yabaki ya kufulia.

Mdogo wangu ameniambia kutakuwa na mkutano wa kijiji mwezi ujao. Nimemwomba anyooshe mkono na kuuliza swali moja tu, na asikae chini mpaka katibu aandike jibu.